Aliyeondoka bila Kuaga

Karani wa mnunuzi mmoja wa kakao pale Mutwanga alishtakiwa kwa kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Alikuwa anaingiza uzito wa magunia kwenye daftari la kampuni, lililoko kwenye seva Butembo, mnara wa simu ukazima. Rezo iliporudi akajaribu kuingia tena. Jibu: "Mtumiaji huyu tayari yumo."

Bosi akapiga simu.

— Nani mwingine ana nenosiri lako?

— Papa, ni mimi peke yangu.

— Basi huyu aliyemo humu ni nani?

Umeme haukuhusika, kwani tangu 2013 Mutwanga ina mtambo wa Hifadhi ya Virunga unaozungushwa na maji ya Rwenzori. Wakulima waliokuwa wakingoja pesa zao walianza kunong'ona habari za majini.

Jini lenyewe ni TCP, itifaki inayobeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya intaneti. Yenyewe hujua mtu ameondoka akiaga, na mnara ukizima hakuna anayeaga. Seva ikiwa haina la kutuma, hubaki na soketi wazi ikingoja, kama mama aliyefunika sahani ya fufu ya mtoto asiyejulikana alipo. Inaweza kungoja hata siku nzima, huku ikimhesabu karani kuwa bado yumo.

Chaguo la kubisha hodi, yaani kuuliza kama mwenzako bado yupo, lipo; linaandikwa SO_KEEPALIVE. Ila RFC 1122, mwongozo wa Oktoba 1989, uliamuru lizimwe mpaka programu yenyewe iliwashe, na kimya kabla ya hodi ya kwanza kisipungue saa mbili mpaka mtu akibadilishe. Linux ikatii: sekunde 7,200 za kimya, kisha hodi tisa, kila moja ikisubiriwa sekunde 75. Jumla ni saa mbili, dakika 11 na sekunde 15 kabla ya marehemu kutangazwa. Na hapo ni kama kuna aliyekumbuka kuliwasha!

Wazee walioandika mwongozo ule walikuwa na sababu. Waliogopa kukata muunganisho mzima kwa hitilafu ya kupita, tena waliwahurumia wanaolipia kila pakiti. Anayenunua megabaiti kidogokidogo atawashukuru, lakini hodi moja ni makumi ya baiti tu. Magunia yanayongoja mlangoni ni ghali zaidi.

Fundi alipopatikana aliwasha hodi: kimya cha sekunde 60, kisha hodi tano za sekunde kumi kumi. Sasa aliyepotea hufutwa ndani ya sekunde 110. Ninyi mnaoandika programu za maduka ya Beni na Butembo, wekeni namba zenu wenyewe kabla bosi hajamfukuza karani.