Namna ya Kumwita Mtu Shaghalabaghala

Kabla hujamwita mtu shaghalabaghala, mzunguke kwanza. Kumtazama kwa mbele hakutoshi. Shati lililokunjamana mgongoni tu, kola ingali imesimama, ni la mtu aliyetoka Mwanza kwa basi hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100. Huyo mwite msafiri, umpe pole. Kanzu iliyojikunja magotini ina mwenyewe aliyetoka kusujudu. Na ukiona mikunjo ya mraba, imekaza kama ya ramani, ujue gauni limetoka kwenye robota la mtumba asubuhi hiyohiyo, na mwenye nalo hajasubiri hata lifuliwe kwa jinsi lilivyompendeza. Mwambie hongera.

Wakishapita hao wote, angalia usimwite mtu mchafu. Nguo inaweza kufuliwa, ikaanikwa, ikanukia sabuni, na bado ikajikunja. Pamba ndivyo ilivyo: unyevu na joto hulegeza nyuzi zake, nazo zikikauka zimekunjwa hubaki hivyohivyo. Poliesta haikunjiki upesi, kwa hiyo shati lililonyooka halithibitishi nidhamu ya mtu yeyote, na inaniuma sana kijana anapokosa kazi kwa sababu ya kola. "Amechoka" liache kabisa. Ukilitamka hilo mtaani, huzungumzii shati tena, unauanika mfuko wa mwenzako.

Shaghalabaghala mpe unayempenda, tena mwenye akili zake. Mwigizaji Peter Falk, tangu alipoanza kumwigiza mpelelezi Columbo kwenye televisheni mwaka 1968, alivaa koti la mvua lililokunjamana, koti lake mwenyewe. Wauaji matajiri walimdharau Columbo, wakalegeza ulimi, wakanaswa. Kumwita Columbo shaghalabaghala ni kumsifu.

Lakini kama ni ndugu yako na yuko njiani kwenda kwenye usaili, sifa hiyo haitamsaidia. Mvute kando: "Mdogo wangu, njoo kidogo." Mwazime pasi. Ikiwa ya mkaa, ipepee nje majivu yatoke, uipitishe juu ya jani bichi la mgomba ili isiache masizi. Nyunyizia shati maji kwa vidole, uanze na kola, kisha mikono, mgongo baadaye. Kifua kiache mwisho, kisije kikakunjika tena ukigeuza.