Heko Waandishi wa Miongozo

Wanaolalamikia mifano ya amri kwenye miongozo ya Linux hawana shukrani. Mwongozo wa kwanza wa Unix, mfumo ambao Linux huuiga, ulitoka Novemba 1971. Hekima iliyopikwa zaidi ya miaka 50 itakosaje kuiva?

Tazama kijana wa steshenari hapa Nyashimo, kando ya barabara ya Mwanza–Musoma. Anataka tu kuhamishia faili za mteja kwenye fleshi. Mwongozo, kwa ukarimu, unampa foo na bar, majina ambayo wilaya nzima ya Busega hajapewa mtoto wala faili. Ananakili mstari mzima, pamoja na alama ya dola iliyotangulia. Kompyuta inamjibu kwamba amri hiyo haipo. Anaifuta dola, anaviacha vimabano vyenye ncha vilivyozunguka bar. Safari hii inalalamikia mstari mpya asiouona. Huo ndio ualimu! Mfano unaofanya kazi ungemlemaza kijana, na mteja angekosa nafasi ya kujifunza subira. Na bando la kutafuta suluhisho mtandaoni si la mwandishi.

Waheshimiwa, msibadilishe hata nukta. Nawe msomaji, siku ukiandika mwongozo, usithubutu kuujaribu mwenyewe kwanza.