Rudi Nyuma, Shemeji

Ukimwambia askari wa stesheni kwamba umekuja kutazama treni, kwanza atakutazama wewe. Unasafiri? Hapana. Unampokea mgeni? Hapana. Una mzigo? Sina. Sasa shida yako nini? Treni. Ipi? Yoyote itakayopita. Hapo humwita mwenzake aje asikie kwa masikio yake.

Kwa hesabu ya jiji hili, mtu mwenye akili timamu huenda stesheni akiwa na tiketi, au na mgeni, au na gunia. Kushinda juani ili kuona mabehewa ya mafuta yakielekea bara ni dalili ya jambo. Mama mkwe aliwahi kuniuliza, kwa upole na mbele ya watu, kama kuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuugua hivi. Nilitaka kumjibu vizuri, ila ilikuwa saa ya treni ya Pugu.

Ugonjwa wenyewe sikuuanzisha mimi. Uingereza, kijana wa ofisini katika kampuni ya reli ya Southern, Ian Allan, alichoshwa na barua za watu waliotaka kujua namba na majina ya vichwa vya treni, akachapisha kijitabu chenye orodha mwaka 1942. Kikapata wanunuzi papo hapo. Kufika 1944, vijana wa burudani hiyo ya kutazama treni walikuwa wakishuka relini pale Tamworth na kupanga sarafu juu ya chuma ili treni izifanye bapa, na Allan akaona aunde klabu ambayo mwanachama wake huahidi kutoingia relini wala kuwasumbua wafanyakazi. Kanuni za adabu, basi, zilizaliwa nyuma ya kijitabu kwa miaka miwili tu, na mpaka leo zinahema zikiikimbiza burudani. Watoto wa Vingunguti, hapa Dar, hawana sarafu za kuchezea. Wao hupanga vizibo vya soda, wakavitoboa, wakapitisha uzi, na ukiwafukuza wanakuuliza wewe mwenyewe mtu mzima unafanya nini hapa.

Swali zuri. Ninachofanya ni kwamba Dar es Salaam, kwa mgonjwa wa treni, ni peponi. Kuna reli ya kati yenye upana wa milimita 1,000, ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma mwaka 1914. Kuna TAZARA ya milimita 1,067, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Na kuna SGR ya milimita 1,435, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni 2024. Reli tatu katika jiji moja, na behewa la hii halipiti kwenye ile. Ndugu wa baba mmoja wasioweza kuazimana viatu.

Ukiifuata burudani hii peke yako, hatari yake kubwa ni jua. Hatari nyingine zote huja na watu, na hasa na shemeji.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni mtu mwema, mwenye simu kubwa na imani kubwa zaidi. Anaamini kwamba treni ni daladala iliyorefushwa: dereva akikuona atapunguza, akikukaribia atakukwepa, na ikibidi mtajibizana. Kila tukitoka naye huwa ni mazungumzo yaleyale. "Shemeji, rudi nyuma." "Bado iko mbali, shemeji." Mpita njia akitusikia hajui ni shemeji yupi aliye karibu na reli, na huishia kutukemea wote wawili.

Tatizo la "bado iko mbali" ni kwamba macho yanasema kweli kuhusu umbali na kudanganya kuhusu mwendo. Kitu kikubwa kinachokuja moja kwa moja usoni mwako huonekana kama kimesimama pale pale, kinanenepa tu kidogo kidogo, mpaka ghafla kimejaa. Treni ya SGR ikiwa kwenye kasi yake ya kilomita 160 kwa saa hula mita 44 kila sekunde. Shemeji hutumia sekunde moja na nusu kutamka sentensi yake, maana huivuta. Na hata dereva akishika breki zote, treni ya kasi hiyo huhitaji takriban kilomita moja ndipo isimame. Mzee mmoja aliyeendesha treni za mizigo mpaka akastaafu alimweka shemeji chini akamweleza: "Mwanangu, mle ndani hamna usukani. Mimi nina honi na breki. Honi inakukuta ukiwa mzima. Breki inakukuta baadaye."

Shemeji akacheka. Mzee hakucheka.

Wageni wengi pia hudhani treni inaishia pale chuma cha reli kinapoishia. Haiishii hapo. Mwili wa behewa hutokeza nje ya reli pande zote mbili, halafu juu yake kuna ngazi, vishikio vya milango, mikanda ya turubai iliyolegea, na kwenye treni za jioni viwiko vya abiria. Mwezi Juni 2024 kichwa cha mvuke namba 2816, kilichoundwa Kanada mwaka 1930, kilikuwa kwenye ziara iliyoanzia Calgary kwenda Mexico City. Katika jimbo la Hidalgo watu walijipanga kukilaki. Mwanamke mmoja alipiga goti karibu na reli ili apate picha yake na treni ikija nyuma. Hakuwa katikati ya reli, alikuwa pembeni. Kichwa cha treni kilimgonga akafa pale pale. Habari hiyo nilimsomea shemeji kutoka mwanzo hadi mwisho, na siku hiyo alirudi nyuma bila kuambiwa.

Siku iliyofuata alikuwa amesahau, kwa sababu ilikuwa siku ya treni ya kitalii.

Rovos Rail, ile treni ya kifahari inayotoka Cape Town na kumalizia safari yake Dar kwa reli ya TAZARA, ikitarajiwa kufika hutoa watu majumbani. Wanakuja wapiga picha, wanakuja watoto wa shule, anakuja muuza mihogo aliyenusa biashara. Nawaomba msomaji na wenzake watazame kwa makini jinsi safu ya watu wa namna hiyo inavyotembea. Wa kwanza kufika husimama mahali pa busara, mbali kabisa, chini ya mwembe. Wa pili anakuta kichwa cha wa kwanza kimeingia kwenye picha yake, anasogea nusu hatua mbele. Wa tatu ni mfupi, hatua nzima. Wa kwanza sasa haoni kitu, naye anahama mwembeni na kwenda mbele ya wote, akinung'unika kwamba watu wa siku hizi hawana heshima. Baada ya nusu saa safu yote imefika kwenye kokoto, na ukimuuliza yeyote atakuapia kwamba hajasogea. Hakuna aliyekusudia kukaribia reli. Kila mmoja alikusudia kumpita jirani yake tu.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema usalama ni kazi ya askari na adabu ni kazi ya mama yako. Relini ni kazi moja. Anayekukata picha leo ndiye anayekusukuma kwenye mataruma kesho, na wala hakuchukii. Uingereza yenye vijitabu na klabu haikupona: tarehe 25 Februari 2016, Flying Scotsman ilipotoka King's Cross kwenda York baada ya matengenezo ya miaka mingi, watu wazima wenye makoti mazito na kamera za bei mbaya waliingia relini kuipiga picha hadi ikalazimika kusimama. Japani, ambako wapiga picha za treni ni wengi kiasi cha kuwa na jina lao, tori-tetsu, wamefikia hatua ya kumzomea kwa pamoja mtu yeyote anayejitokeza kwenye picha. Sisi bado hatujafika huko. Sisi husema "samahani kaka, naomba upishe kidogo," naye kaka hupisha kuelekea mbele.

Kuna na adabu ya masikio. Wengine wetu hatupigi picha, tunarekodi sauti: mngurumo wa dizeli ikipanda mlima wa Pugu, magurudumu yakigonga maungio ya reli. Unajiandaa, unanyamazisha watoto, unabana pumzi, treni inaingia, na pembeni mtu anapokea simu. "Haloo! Niko relini! Relini! Hapana, sijagongwa, naangalia treni!" Shemeji yeye hapokei simu. Yeye hutangaza, kwa sauti ya mpira wa redioni, mpaka behewa la mwisho, na huomba mwitikio wa mashabiki.

Kwenye SGR kuna uzio, na uzio ni kitu kizuri sana kwa familia yangu. Lakini kuna madaraja ya kuvuka juu, na chini ya madaraja kuna nyaya za volti 25,000. Umeme wa nyumbani ni 230 na bado unaweza kumuua mtu. Huu hausubiri kuguswa. Ukiukaribia vya kutosha unakurukia hewani. Siku moja, tukimngoja Mchongoko, treni ile yenye pua kali isiyo na mngurumo, ambayo ukiisikia ujue imeshafika, shemeji alitoa kijiti chake cha selfi. Cha chuma. Akakivuta pingili moja, ya pili, ya tatu, akaanza kukielekeza chini. Tulikuwa na mzee aliyekuwa gadi enzi za Shirika la Reli, mtu wa maneno machache. Mzee alikichukua kile kijiti mkononi mwa shemeji kwa utulivu, akakikunja, akakitia kwapani kama gazeti la jana. Alikirudisha tuliposhuka kwenye daladala Gongo la Mboto. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo, na hata shemeji, ambaye hana jambo asilolizungumzia, alinyamaza.

Ningekuwa na nauli ningempeleka Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Pale kuna kichwa cha mvuke namba 5918, kilichoundwa Manchester na Beyer Peacock mwaka 1955 na kuitwa Mount Gelai, mlima wa kwetu karibu na Ziwa Natron. Kina tani 252 na hakiendi popote. Hapo shemeji angesimama katikati ya reli, akanyoosha kijiti mpaka pingili ya mwisho, akatamka "bado iko mbali" mara atakazotaka, nami ningekaa kivulini nile karanga.

Siku ile ya treni ya kitalii nauli haikuwapo. Treni ilichelewa, kama kawaida ya vitu vizuri, na safu ilikuwa imeshatambaa hadi kwenye kokoto alipotokea askari mwenye kizibao cha kung'aa. Hakupiga kelele. Alitembea mbele ya safu akionyesha kwa fimbo: nyuma, mama, nyuma, mjomba, wewe mwenye simu, nyuma zaidi. Shemeji akaanza kusema bado iko mbali, askari akamwangalia, sentensi ikafia njiani. Tukarudi wote hadi kwenye mwembe, na kwa mara ya kwanza kila mtu aliona vizuri.

Treni ikaja, kijani, ndefu, watalii wakipunga mikono madirishani. Askari akabaki amesimama pale pale, miguu imeachana, mikono nyuma, akihakikisha hakuna anayesogea. Katika kila picha niliyopiga siku ile mgongo wake uko katikati kabisa, na kizibao kimemeremeta kwa jua hadi majina ya mabehewa hayasomeki. Ilipopita akanijia na kuomba nimtumie kwa WhatsApp. Nimemtumia zote. Ameweka moja kwenye wasifu wake, na treni ameikata.