Barua ya Wazi: Tunairudisha Nagai

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Kuishi kwa Utaratibu na Wageni,
Serikali ya Japani,
Nagatacho, Tokyo.

YAH: KUREJESHWA KWA MJI WA NAGAI, MKOA WA YAMAGATA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa Waziri, kwa heshima na taadhima nakujulisha kwamba sisi Watanzania tumeamua kuurejesha mji wa Nagai kwa wenyewe, ukiwa mzima na bila kupungua kitu. Mto Mogami upo palepale. Theluji ipo, tena tele. Bustani ya maua ya ayame hatukuchuma hata ua moja, na treni ya behewa moja bado inakatiza mashamba ya mpunga kwa saa zilezile zilizoandikwa kituoni. Hata simba weusi wanaocheza mitaani kila mwezi Mei tumewaacha. Na iingie kwenye kumbukumbu za ofisi yako kwamba simba hao ni wa watu wa Nagai wenyewe, ngoma ya mababu zao. Hakuna aliyewaleta kutoka Serengeti.

Huenda unajiuliza tuliuchukua lini. Hata sisi tulijiuliza. Mwezi Agosti 2025, kwenye mkutano wa Japani na nchi za Afrika, TICAD 9, pale Yokohama, Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA, lilitangaza miji minne kuwa "nyumbani" kwa nchi nne za Afrika: Imabari kwa Msumbiji, Kisarazu kwa Nigeria, Sanjo kwa Ghana, na Nagai kwa Tanzania. Makusudi yake yalikuwa ya kawaida kabisa. Watu watembeleane, wabadilishane ujuzi, undugu ulioanza uendelee. Nagai ilikuwa tayari imejitolea kuwa mwenyeji wa Tanzania kwa ajili ya Olimpiki ya Tokyo. Vyeti vikatolewa, picha zikapigwa, mameya wakarudi makwao.

Basi Abuja ikatoa taarifa kwamba kutakuwa na viza maalumu, na gazeti moja la kwetu likaandika kana kwamba tumekabidhiwa mji pamoja na funguo zake. Hapo ndipo moto ulipowaka. Simu na baruapepe za malalamiko zikamiminika kwenye ofisi za miji ile minne, makarani waliozoea kuulizwa siku ya kutupa chupa wakawa wanaulizwa siku ya uvamizi. Nigeria ikarekebisha taarifa yake. Serikali yenu ikakanusha, JICA ikakanusha, haikusaidia. Tarehe 25 Septemba rais wa JICA, Tanaka Akihiko, akatangaza kwamba mpango umefutwa. Haukufikisha hata arobaini.

Niruhusu niitetee nchi yangu katika shauri hili. Watanzania tulioko Japani nzima ni mia kadhaa tu, na Nagai ina watu wapatao 25,000. Ili tuuteke mji ule ingebidi kwanza tukubaliane saa ya kukutana, na wewe, Mheshimiwa, huvijui vikao vyetu. Kikao cha saa nne kinafunguliwa saa sita, na saa saba mweka hazina bado yuko kwenye treni. Halafu nani kati yetu angehamia Yamagata mwezi Januari kwa hiari yake? Ndugu zangu wa Tanga wakisikia nyuzi 20 wanatafuta sweta.

Kinachoumaliza mji ule na miji mingine kama huo kimeandikwa kwenye takwimu zenu wenyewe. Mwaka 2024 walizaliwa Japani watoto Wajapani takriban 686,000, mara ya kwanza idadi kushuka chini ya 700,000 tangu hesabu hizo zianze kuwekwa. Sidhani kama kuna Mtanzania anayeweza kushtakiwa kwa hilo.

Ofisi unayoisimamia, nakumbuka, ilifunguliwa tarehe 15 Julai 2025, siku tano kabla ya uchaguzi wa Baraza la Juu la Bunge. Kipindi hicho chama cha Sanseito kilikuwa kinajaza watu mbele ya vituo vya treni kwa kaulimbiu ya "Wajapani Kwanza", na kura zilipohesabiwa kilipata viti 14. Nilisimama nikawasikiliza kituo cha karibu na kwangu. Spika zao ni nzuri sana. Jua lilikuwa kali, na hotuba ilipokwisha wasikilizaji wakaingia dukani kununua maji ya baridi. Aliyewauzia ni kijana wa Kinepali ambaye kitambulisho chake kifuani kiliandikwa jina kwa herufi za katakana. Akawashukuru mmoja mmoja kwa Kijapani safi, nao wakamjibu kwa kuitikia kichwa. Sikuona yeyote aliyekataa maji.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Japani haina muda wa kusubiri siku ya tatu. Jembe mnatupa uwanja wa ndege, na kwa adabu yenu mkaliita mafunzo. Tangu mwaka 1993 vijana wa Vietnam, Indonesia, Ufilipino na kwingineko wamekuwa wakija "kujifunza" kukata samaki, kufunga nondo na kuchuma kabichi, na ujuzi huo mkubwa wa kabichi ndio waliotarajiwa kurudi nao kuendeleza nchi zao. Nakupongezeni kwa dhati kwamba mpango huo unabadilishwa kuanzia Aprili 2027, na safari hii sheria mpya inataja waziwazi kwamba nchi inahitaji watu wa kufanya kazi. Imechukua miaka thelathini na ushee kusema sentensi moja, lakini imesemwa.

Sasa nigusie makazi, kwa sababu ofisi yako inahimiza utaratibu, na utaratibu huanzia mahali pa kulala. Niliwahi kwenda kwa wakala wa nyumba, kijana mpole wa suti nyeusi. Chumba nilichokitaka kilikuwa ghorofa ya pili, dirisha linatazama reli, na tangazo lake lilikuwa limeshapauka kwa jua kwenye kioo cha ofisi. Akampigia mwenye nyumba mbele yangu huku ameziba mdomo kwa mkono. "Ni mgeni, lakini Kijapani anakijua vizuri." Kimya. "Ndiyo, Afrika." Kimya kirefu zaidi. Akainama mbele ya simu kana kwamba mwenye nyumba anamwona, akakata, akanigeukia na kuniomba radhi mfululizo hadi mimi ndiye niliyeanza kumbembeleza. Chumba, alisema, kimeshachukuliwa. Miezi ikapita, nikipita pale naliona tangazo liko palepale, limezidi kupauka.

Hesabu ya Serikali yenu ya mwaka 2023 ilikuta nyumba tupu takriban milioni 9 nchini kote. Na utafiti ambao Wizara ya Sheria iliutangaza mwaka 2017 ulionyesha kwamba karibu wageni 4 kati ya 10 waliotafuta nyumba waliwahi kukataliwa kwa sababu ya ugeni wao. Yaani nyumba zipo zinaoza, na watu wapo wanazililia.

Zamani mambo yalikwenda kasi zaidi. Mwaka 1581 mbabe wa kivita Oda Nobunaga aliletewa Mwafrika, ambaye wengi wanaamini alitoka pande za Msumbiji, tunayemjua kwa jina la Yasuke. Nobunaga hakuamini macho yake, akaamuru jamaa asuguliwe kwa maji aone kama rangi itatoka. Haikutoka. Basi akamchukua kazini, na maandishi ya zamani yanasema alimpa upanga na nyumba. Ukaguzi ulikuwa wa kudhalilisha, sikatai, lakini angalau ulikwisha siku hiyohiyo na hakuna mahali palipoandikwa kwamba Yasuke aliombwa mdhamini.

Nikirudi kwenye mambo ya sasa: kulungu. Septemba 2025, alipokuwa anawania uongozi wa chama tawala, Bi Takaichi Sanae alilalamikia wageni wanaowapiga mateke kulungu wa mji wa Nara, na mwezi uliofuata akawa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo Japani. Kwa hilo la pili nampa hongera. Kwa hilo la kwanza, mhuni yeyote anayempiga mnyama teke akamatwe, alipe faini, aende zake. Natoka nchi ambayo mnyama ndiye humpiga mtu teke, kwa hiyo nawaonea huruma wote wanaohusika. Ila mwaka huohuo dubu waliua watu zaidi ya kumi, na Novemba askari wakapelekwa mkoa wa Akita kusaidia kuwadhibiti. Dubu hao walizaliwa hapahapa. Sikusikia mgombea hata mmoja akiwahutubia.

Na mchele? Mwezi Mei 2025 mfuko wa kilo 5 ulipita yeni 4,200, takriban mara mbili ya bei ya mwaka uliotangulia. Mama mmoja jirani yangu akanieleza kwenye ngazi kwamba ni hawa watalii wanaokula sushi. Watalii wamekula, siwezi kuwatetea. Lakini ni sera ya Serikali iliyokaa tangu mwaka 1970 hadi 2018 ikiwabana wakulima wapunguze mashamba ya mpunga, na ni joto la kiangazi cha 2023 lililoharibu mavuno. Kuhusu waziri wa kilimo wa wakati ule, Bwana Eto Taku, aliyewaambia watu kwamba hajawahi kununua mchele kwa kuwa wafuasi wake humletea mwingi, yeye alijiuzulu tarehe 21 Mei. Nilikagua. Ni Mjapani.

Nisije nikaonekana natetea kila mwenye pasipoti ya nje. Wako wageni wanaopiga muziki usiku wa manane na wanaotupa taka za kuungua siku ya taka za plastiki, na wako matajiri wa mbali wanaonunua fleti za Tokyo na kuzifunga. Mkichunguza hayo, chunguzeni. Ila kesi za jinai wanazokamatiwa wageni leo ni chache sana kuliko za mwaka 2005, ilhali idadi ya wageni imekaribia kuongezeka maradufu, na katikati ya mwaka 2025 tulikuwa tunakaribia milioni 4. Takwimu hiyo ya kesi ni ya polisi wenu. Ajabu ni kwamba haina spika.

Wala sitajifanya kwetu ni peponi. Julai hiyohiyo ya uchaguzi wenu, Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wageni kufanya biashara 15 ndogondogo, kuanzia uwakala wa fedha za simu hadi ufundi wa simu na saluni, na Kariakoo kuna watu walishangilia. Mchina wa Kariakoo na mimi wa hapa tungekaa pamoja tunywe chai, tungeelewana bila mkalimani.

Ila kuna wahamiaji wenu ambao Dar es Salaam imewapokea kwa mikono miwili. Nenda asubuhi yoyote Ubungo au Mwenge usikilize. Mtu anawasha gari lake la IST, na dada mwenye sauti laini anamtaarifu kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara kuu haijawekwa. Kila asubuhi, mwaka hadi mwaka. Dereva haelewi neno, naye anamjibu, "Haya dada, tumesikia." Kuna basi dogo lililoandikwa ubavuni jina la shule ya chekechea ya Kijapani, na humo ndani wamejaa watu wazima wanaokwenda kazini. Magari hayo yalifika yakiwa yameshatumika, hayajajifunza Kiswahili, ramani yake bado inadhani iko Osaka. Hakuna chama kilichoitisha maandamano. Tukiyapenda tunayabandika jina la mama.

Watu wenu pia walitoka, Mheshimiwa. Mwaka 1908 meli ya Kasato Maru ilibeba Wajapani 781 kutoka Kobe kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa ya Brazili. Hawakwenda kuiteka. Walikwenda kwa sababu ambayo mimi nilikuja nayo hapa.

Basi pokea mji wako. Lakini naomba mbio mtuachie. Mkimbiaji wetu wa marathoni, Juma Ikangaa, alishinda Tokyo mwaka 1984 na tena 1986, na wazee wa hapa wakinisikia natoka Tanzania jina la kwanza wanalotaja ni lake, na la pili ni la Seko, Mjapani aliyemshinda Fukuoka mwaka 1983 kwa sekunde chache tu. Wakati ule wakimbiaji wetu walikuja, wakakimbia, wakashangiliwa barabara nzima, na hakuna aliyepiga simu ofisi ya meya. Kijana wa Arusha akialikwa kukimbia Nagai, mwacheni akimbie.

La mwisho ni la fedha. Nimesikia ada ya kuongeza muda wa kibali, ambayo ilipandishwa Aprili 2025 kutoka yeni 4,000 hadi 6,000, sasa mnakusudia kuifikisha makumi ya maelfu, na ya ukaazi wa kudumu zaidi ya hapo. Sipingi. Lakini tafadhali msiianzishe katikati ya mwezi. Kodi zenu tunalipa, bima ya afya tunalipa, pensheni tunakatwa, na mshahara hapa hutoka tarehe 25.

Wako katika ujenzi wa taifa lenu,

Mkaazi mgeni, Mtanzania,
Saitama.

Nakala: Meya wa Nagai, kwa taarifa.