Kunyoosha Kimombo cha Watu

Mtaa ukishajua kwamba Kiingereza chako hakichechemei, umekwisha. Barua za kuomba kazi, ruhusa, ufadhili, zote zinapitishwa kwako "uzipige pasi kidogo". Usidanganyike. Hakuna anayetaka barua yake iguswe; anataka uisome, utikise kichwa, useme, "Hii imekaa."

Juzi alikuja fundi mmoja anayefanya kazi kwa bosi mgeni asiyejua Kiswahili. Mkononi ana barua ya ruhusa: "My wife has delivered and he is resting with his baby."

"Kaka, hapa umesema aliyejifungua ni mwanamume."

Akaifuata sentensi kwa kidole, neno kwa neno. "Si nimeshaandika *wife*? Bosi ana mke, atashindwaje kuelewa?"

Hoja ina mashiko. Kwetu "amelala" inamtosha baba, mama, mbuzi na mlevi wa jirani. Mwingereza hakubali mtu alale mpaka kwanza ajue ni wa kike au wa kiume. Nikafuta, nikaandika "she" na "her". Fundi akanitazama kana kwamba nimemwingizia mwanamke mwingine nyumbani.

Afadhali yeye. Katibu wa kikoba chetu, dada mwenye sauti ya mahakamani, aliandikia wafadhili: "We want to discuss about our furnitures." Nilipokata "about", akalalamika kwamba nampunguzia maneno. Nilipoikata ile "s" ya mwisho, akasimama.

"Viti vyote vile vya kukodisha, wewe unaandika kimoja?"

Nikamweleza kwamba kwa Kiingereza "chair" inahesabika, lakini "furniture" haihesabiki hata ikijaa ghala zima.

"Na wakiibiwa, wanawaambia nini polisi?"

Sikuwa na jibu, na sidhani kama kuna kamusi yenye jibu hilo. Ile "s" nikamrudishia kwa penseli. Wafadhili wataelewa, wao nao Kiswahili chao tunakivumilia. Mimi hukaza tu pale kosa linapoweza kumnyima mtu ruhusa au mshahara. Mengine ni ushabiki.

Shabiki mkubwa ni mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili. Kwake sentensi ya Kiingereza ikiishia na kihusishi kama "to" au "with" ni aibu ya ukoo. Siku moja nikamwamkia shikamoo, kisha nikamchokoza: askofu Robert Lowth, aliyechapisha kitabu cha sarufi ya Kiingereza huko London mwaka 1762, alisema kutanguliza kihusishi kunafaa zaidi katika maandishi ya heshima, na katika maelezo hayo hayo akaandika kishazi kinachoishia na "to".

Mzee akavua miwani. "Yuko wapi huyo?"

"Alifariki mwaka 1787, mwalimu."

"Ndiyo maana hajasahihisha," akasema, akaninyooshea mkono nimpe kalamu nyekundu.