Jinsi ya Kuwa Fundi wa Hoteli Bila Kutengeneza Kitu

Hongera, ndugu yangu. Umepata kazi kwenye hoteli ya milimani huko Lushoto: baridi ya Julai, mabomba mazee, na meneja asiyejua spana ni ipi na praya ni ipi. Riziki hiyo, usiichezee.

1. Tembea na bisibisi. Usiitie mfukoni, ishike mkononi hata ukienda kunywa chai. Mwenye bisibisi hatumwi sokoni. Ukichomeka na testa juu ya sikio, mhasibu aliyekuzidi umri atakupa shikamoo.

2. Bomba likivuja kwenye maungio, usilifungue ukazungushia tepu nyeupe. Hiyo ni kazi ya dakika 10, tena haionekani. Kata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, uvute kwa meno, zungusha mpaka bomba livimbe kama goti la mchezaji, kisha weka ndoo chini. Mchirizi ukigeuka matone, mwite meneja aone maendeleo.

3. Sasa hita, hapo ndipo ufundi ulipo. Mgeni ameoga saa 12 asubuhi, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,300, na meno yanagongana. Wewe unajua elementi imeungua tangu Pasaka. Nyamaza. Gusa hita kwa kiganja, funga macho kidogo, sema: "Umeme ni mdogo." Mtanzania hatabisha, kwao pia ni mdogo. Mgeni akiwa Mzungu, mpe historia: mji huu Wajerumani waliuita Wilhelmstal, na mfumo wa maji ni wa enzi zao. Bomba ni la plastiki, ndiyo, lilinunuliwa mwaka juzi. Atalipiga picha.

4. Spea inatoka Dar. Siku zote. Ikichelewa, imekwama kwenye kona za Mombo, na mvua za masika zitakutolea ushahidi.

5. Ipo siku bosi atachoka, alete fundi kijana na begi lake la vifaa. Usinune. Mkaribishe, mshikie tochi, muulize habari za nyumbani. Akimaliza, maji yakatoka ya moto mpaka kioo kikaingia ukungu, jaribu koki mwenyewe, tikisa kichwa taratibu, umwambie bosi akiwa karibu: "Hapo hapo ndipo nilipokuwa nimefikia."