Uraia wa Katiba na Uraia wa Shamba

Kifungu cha 14 cha Katiba ya Kenya ya 2010 humtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu yeyote ambaye mama au baba yake alikuwa raia wa Kenya siku alipozaliwa, hata kama kitovu chake kilibaki Dallas au London. Machakos, hata hivyo, ina masharti ya ziada ambayo hayakuandikwa popote. Mjukuu ajaye Desemba kutafuta asili yake hulakiwa kwa muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na maharagwe, na husifiwa kwa kila neno la Kikamba analolikosea. Kisha hupelekwa Kyamwilu, mahali ambapo macho hudanganyika yakaona maji yakipanda mlima, apige picha za kuwathibitishia wenzake wa ughaibuni kwamba amefika nyumbani. Undugu huo hustawi hadi aulize, kwa adabu zote, ilipo mipaka ya shamba la babu: hapo aliyekuwa damu moja asubuhi huwa mgeni kufikia jioni, na wazee hukumbuka ghafla mazishi ambayo baba yake hakuhudhuria. Uraia wake hurejeshwa, bila kiapo wala stakabadhi, siku ya harambee, yaani mchango wa hadhara, jina lake linapotangulia katika orodha ya wafadhili.